Korido ya Mita Thelathini

Koni mbili za plastiki, rangi ya chungwa,
moja mlangoni mwa maabara, moja kando ya ndoo ya kunawia.
Kati yake mita thelathini.
Nesi Tusekile ameshika saa:
Tembea dakika sita, baba, usishindane na mtu.
Nishindane na nani, mwanangu?

Mimi Ambokile, niliyebeba lumbesa Uyole
miaka ishirini na sita,
viazi vimevuka mdomo wa gunia, vimevishwa kilemba cha nyasi,
nami chini yake napiga mluzi.
Madereva wa Tunduma walinijua kwa mgongo.
Sura yangu hawakuwa na haja nayo.

Siku ile sikuwa hata nimebeba kitu.
Nilikuwa nimekaa, nakula kande.
Kifua kikakazwa uzi kama gunia linaloshonwa,
mkono wa kushoto ukaniaga,
na jasho, mwezi wa saba, Mbeya,
watu wote wamejikunyata ndani ya makoti.

Mita mia moja na themanini.
Nesi anaandika bila kunitazama. Ni adabu yake.

Daktari akasema damu yangu imepungukiwa testosteroni,
homoni ile inayojenga msuli na kuotesha ndevu.
Kuna utafiti: sindano kila wiki ya tatu.
Nusu yenu mtachomwa dawa, nusu mafuta matupu,
na hata mimi sijui nani ni nani.
Akaongeza, na hapo ndipo nilipompenda:
huenda ikakusaidia,
huenda ikaifanya damu yako nzito kama uji wa ulezi,
huenda isifanye kitu. Tungejua, tusingeuliza.

Nyumbani nikasema ni sindano ya moyo.
Sekela akaikuta karatasi mfukoni mwa koti,
akaisoma yote, akacheka mpaka akakaa chini:
Nguvu za kiume! Zile za kwenye nguzo za umeme Mwanjelwa?
Hapana, mke wangu. Hizi ni za ngazi.
Za kupanda na ndoo bila kusimama katikati
nikijifanya naangalia mawingu ya Loleza.
Akajifuta machozi. Basi nenda, akasema.
Na zile nyingine zikija, hatutazifukuza.

Mwenzangu ni Mwasenga, alikuwa dereva wa treni ya TAZARA,
moyo wake uliacha reli pale Makambako.
Tunachomwa siku moja, chumba kimoja,
kisha tunatembea Forest chini ya mikaratusi,
tukichunguzana kama wanunuzi wa mbuzi.
Ndevu zako zimekaza, namwambia.
Na wewe sauti imeshuka.
Uongo mtupu. Nilikuwa na mafua.

Wiki ya tisa nilimpita kwenye mwinuko wa njia ya Chunya.
Wiki ya kumi na moja akanipita, hakugeuka.
Wiki ya kumi na tano sindano yake ikasimamishwa:
damu imezidi uzito.
Kumbe dawa ulikuwa nayo wewe! nikapiga kelele.
Akatikisa kichwa. Wanasema hata milima huleta hayo,
hewa yetu nyembamba, damu inajazana kuitafuta.
Nimezaliwa huku juu, Ambokile. Nani ajue?
Akafunga kamba za raba zake.
Tukaondoka.

Leo, koni zilezile. Ndoo imehamishwa.
Mita mia nne na kumi na mbili.
Safari hii Tusekile ameniangalia.
Bahasha ya majina itafunguliwa Desemba.
Mwasenga anataka kujua. Mimi sijaamua.

Jumamosi nilibeba debe la viazi, si gunia, debe,
kutoka barabarani mpaka jikoni, ngazi kumi na saba.
Sikuangalia mawingu.
Mluzi bado.
Pumzi inafika mpaka kwenye midomo,
inasimama hapo, inajipanga.